Mantra au pumzi? Taamuli ya Wahindu na ya Wabudha kwa anayetaka kuchagua

Kuna mgawanyo uliozagaa sana: Wahindu hutamka mantra, yaani neno au sentensi takatifu inayorudiwarudiwa, Wabudha hunyamaza. Ukiufuata utapotea mapema. Wafuasi wa Nichiren, mtawa wa Kijapani wa karne ya 13, ambao ni Wabudha, wakianza ibada ya asubuhi sauti zao huvuma hadi kwa jirani. Na Ramana Maharshi wa Tiruvannamalai, mmoja wa walimu wakubwa wa Kihindu wa karne ya 20, alifundisha kwa kukaa kimya kuliko kwa maneno. Pande zote mbili zina mantra, na pande zote mbili zina ukimya.

Tofauti ya kweli imejificha katika maswali mawili. Unapotamka, unamwita nani? Na unaponyamaza, unatarajia kumkuta nani ndani? Mtu akiyajibu hayo kwa uaminifu, kuchagua kunakuwa rahisi kuliko akihesabu faida za afya zinazotangazwa mitandaoni.

Silinganishi dini mbili nzima hapa. Nachukua njia chache ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzifikia, nikizipambanisha pale zinapokaribiana.

Walipoachana

Masimulizi ya Wabudha wenyewe yanasema Siddhattha Gotama, ndiye Buddha, baada ya kuacha nyumba, alijifunza taamuli kwa walimu wawili: kwanza Alara Kalama, kisha Uddaka Ramaputta. Alizifikia hali za utulivu wa ndani kabisa walizofundisha, hata Alara akataka waongoze wanafunzi pamoja. Akakataa na kuondoka. Utulivu ule ulikuwa wa kweli, ila ulikwisha mtu alipoinuka, na chanzo cha mateso kikabaki palepale.

Kwa hiyo tangu mwanzo Wabudha hawaridhiki na kutulia tu. Utulivu wanauita samatha, nao ni matayarisho ya vipassana, yaani kuona mambo yalivyo: kwamba hayadumu, hayatoshelezi, na hayana mwenyewe. Upanishad, maandiko ya kale ya Wahindu, zinaelekea kwingine. Zinasema chini ya fujo yote ya mwili na mawazo kuna atman, nafsi isiyobadilika, na wengi wa walimu waliozifuata wakasema nafsi hiyo na Brahman, asili ya vyote, ni kitu kimoja. Buddha alipekua mwili, hisia, utambuzi, mielekeo na fahamu, na katika vyote vitano hakuona cha kuitwa "mimi" wa kudumu.

Unaweza kudhani huu ni ubishi wa wanazuoni. Subiri tufike kwenye mkao wenyewe.

Mantra kwa Wahindu

Gayatri ndiyo yenye heshima kubwa zaidi. Ni ubeti wa Rigveda (3.62.10), silabi 24, unaomwelekea Savitri, mungu wa jua, ukimwomba aiangaze akili ya anayesali. Kwa desturi alipewa mvulana wa tabaka za juu siku ya kuvishwa uzi mtakatifu, kisha akawa anausoma alfajiri, adhuhuri na jua linapozama. Mlango ulifunguliwa zaidi na wanamageuzi kama Arya Samaj, chama alichokianzisha Dayananda Saraswati huko Bombay mwaka 1875, ambacho baadaye kilifika Nairobi pamoja na Wahindi waliohamia. Leo wanawake kwa wanaume huitamka Gayatri, na kwenye simu iko tele.

Namna ya kuirudia mantra inaitwa japa. Unashika mala, mkufu wa shanga 108 wenye ushanga mmoja wa ziada uitwao meru. Mkono ni wa kulia. Ushanga unavutwa kwa kidole gumba juu ya kidole cha kati, na kidole cha shahada kinawekwa kando. Ukiufikia meru huuvuki: unaugeuza mkufu na kurudi ulikotoka. Waabudu wa Vishnu na Krishna hupenda shanga za mti wa tulsi, wa Shiva hupenda mbegu za rudraksha. Sheria za Manu zinaipanga japa kwa daraja tatu, ya sauti, ya kunong'ona na ya moyoni, na ya moyoni ndiyo inayotukuzwa. Wageni huirukia hiyo ya tatu kwa kuwa haiwaaibishi mbele za watu. Mimi ningemshauri anayeanza atamke kwa sauti kwanza. Akili ikitoroka ulimi unakwama, nawe unajua hapohapo. Ukiwa kimya unaweza kukaa robo saa ukipanga matumizi ya mwezi huku ukiamini unafanya ibada.

Njia ya Kihindu iliyo wazi zaidi kwa mgeni ni ya Hare Krishna. Mantra yao ina maneno 16 na majina matatu tu ndani yake, Hare, Krishna na Rama, yakirudi kwa mpangilio. Ilienezwa Bengal na Chaitanya (1486–1534), ikatolewa nje ya India na A. C. Bhaktivedanta Swami Prabhupada aliyeanzisha shirika la ISKCON mjini New York mwaka 1966. Hakuna siri: mtu yeyote anaitamka popote. Ila anayetaka kuingia rasmi huahidi mizunguko 16 ya mala kila siku, yaani mantra 1,728, kazi inayokula karibu saa mbili. Juu ya hapo kuna makatazo manne: nyama (pamoja na samaki na mayai); vilevi vyote, chai na kahawa zikihesabiwa humo; kamari; na zinaa. Wapenzi wa chai ya maziwa wajipime mapema. Hekalu lao la Nairobi liko Ngara, na mgeni hukaribishwa kusikiliza na kula.

Jambo moja lazima lisemwe waziwazi. Kwa hawa, jina la Krishna na Krishna mwenyewe ni kitu kimoja. Ukilitamka, yupo. Hii ni bhakti, mapenzi ya mja kwa Mungu wake. Anayeitumia kama zoezi la kupunguza presha ameichukua bila idhini ya wenyewe.

Mantra nyingine, hasa zile za mungu maalumu, hutakiwa zitoke kinywani mwa guru, mwalimu wa kiroho, kwa tendo la kuingizwa liitwalo diksha. Mwenye kuwajua watu wa twarika za pwani ataelewa haraka: uradi aliopewa mtu na shehe wake hauhesabiwi sawa na ule aliouokota kitabuni.

Mantra kwa Wabudha

Watibeti wana Om mani padme hum, silabi sita za Avalokiteshvara, bodhisattva (anayetafuta ubuddha ili awaokoe wote) wa huruma, ambaye wao humwita Chenrezig. Inatamkwa, inachongwa kwenye mawe, inaandikwa kwenye karatasi na kukunjwa ndani ya magurudumu ya sala yanayozungushwa kwa mkono. Nayo huhesabiwa kwa mala ya shanga 108. Kwa macho, mzee wa Lhasa huko Tibet na mzee wa Vrindavan, mji wa Krishna huko India, wanafanya jambo lilelile.

Ila fuata kinachotokea mwishoni. Katika taamuli kamili ya Kitibeti, mtu humjenga Chenrezig akilini kwa rangi, mikono na mwanga wake, humkalisha juu ya kichwa au hujiona yeye mwenyewe ni Chenrezig, hutamka mantra, kisha huiyeyusha picha nzima mpaka pasibaki kitu, na kukaa katika uwazi huo. Kuyeyusha ni sehemu ya somo: hata yule uliyemheshimu hana dhati ya kudumu. Mfuasi wa Hare Krishna hawezi kamwe kumyeyusha Krishna mwishoni mwa japa. Kwake hilo lingekuwa kufuru. Shanga zilezile, hesabu ileile, na miisho miwili isiyopatana.

Om mani inatamkwa na yeyote. Mazoezi ya ndani zaidi yanahitaji idhini ya lama, mwalimu wa Kitibeti, na matayarisho yake si mchezo: ngondro, kwa mfano, hudai mara 100,000 za mantra ndefu ya Vajrasattva na mara 100,000 za kusujudu mwili mzima. Ukiona mtu anauza "tantra ya Kitibeti" kwa semina ya wikendi, endelea na safari yako.

Japani kuna mambo mengine kabisa. Honen (1133–1212) na mwanafunzi wake Shinran (1173–1263) waliwafundisha watu wa kawaida, wasio na nafasi ya utawa, kulitaja jina la Buddha Amida: Namu Amida Butsu. Shinran akaenda mbali zaidi, akisema kutamka huko hakukuchumii thawabu yoyote. Ni shukrani kwa uokovu ambao Amida ameshautoa. Nichiren naye, mwaka 1253, alianza kutangaza Nam-myoho-renge-kyo, ambalo ni jina la Sutra ya Lotasi lenye tamko la kujikabidhi mbele yake. Anayeitamka haiti mungu wala mtu. Anajikabidhi kwa fundisho. Soka Gakkai, iliyoanzishwa Tokyo mwaka 1930, ndiyo iliyolisambaza tamko hilo duniani. Kwa mtu anayechoshwa na ukimya na anayependa kufanya jambo pamoja na wenzake kwa sauti na kasi, hii inamfaa kuliko Zeni, Ubudha wa Kijapani wa kukaa kimya.

Watawa wa misituni wa Thailand wana neno dogo, "Buddho": nusu wakivuta pumzi, nusu wakiitoa. Wanalitumia kuifunga akili, na ikitulia wanaliachia lipotee lenyewe. Theravada, tawi la kale la Ubudha wanalolifuata, kwa jumla haina mantra kwa maana ya Kihindu. Ina visomo vya paritta vya kuomba ulinzi na baraka, na hapo inaishia.

Unaponyamaza

Yoga Sutra za Patanjali, andiko la msingi la yoga ya Kihindu, zinaieleza yoga kuwa ni kuyatuliza mawimbi ya akili. Akili inakazwa mahali pamoja (dharana), mkazo unakuwa mtiririko usiokatika (dhyana), mwishowe mwenye kutazama anamezwa na anachokitazama (samadhi). Patanjali huyohuyo anashauri kurudia Om na kuzama katika maana yake, kwa hiyo hata ukimya wa Wahindu una sauti chini yake. Bhagavad Gita, mazungumzo ya Krishna na shujaa Arjuna, sura ya 6, inaeleza hadi kiti: mahali safi, pasipo juu sana wala chini sana, nyasi za kusha, ngozi na kitambaa juu yake. Arjuna analalamika kwamba kuizuia akili ni kama kuuzuia upepo. Krishna hambishii. Anasema inawezekana kwa mazoezi na kwa kutojifunga na vitu.

Kwa Wabudha, andiko la kuanzia ni Anapanasati Sutta, hatua 16 zilizojengwa juu ya pumzi. Unavuta pumzi ndefu, unajua ni ndefu. Unavuta fupi, unajua ni fupi. Pumzi hairefushwi wala kubanwa. Hapo ndipo wengi waliotoka kwenye pranayama, mazoezi ya yoga ya kuiongoza pumzi, hukosea, maana wamezoea kuiamrisha. Kutoka kwenye mwili hatua zinapanda hadi hisia, akili, na kutodumu kwa vyote. Mahasi Sayadaw wa Burma (1904–1982) aliirahisisha zaidi kwa watu wa kawaida: tazama tumbo likipanda na kushuka, na kila kinachoingilia kipe jina kimoyomoyo. Kuwaza, kuwaza. Kuumwa, kuumwa. Kisha rudi.

Sasa mweke Mahasi kando ya Ramana Maharshi (1879–1950). Wazo limekuja, tuseme hofu ya kufukuzwa kazi. Mwanafunzi wa Mahasi analitaja, "hofu", analiona likikaa na kuondoka, na anajifunza kwamba limeondoka. Mwanafunzi wa Ramana halishughulikii wazo lenyewe. Anauliza: hofu hii imemjia nani? Mimi. Na huyu mimi ni nani? Kisha hajibu kwa maneno, anakaa pale swali linapoelekea, akitarajia kwamba "mimi" wa kawaida ataanguka na Nafsi ya kweli itabaki iking'aa. Mbudha akifuata njia hiyohiyo anatarajia kukuta mchakato tu, usio na mwenyewe. Ule ubishi wa Upanishad na Buddha umekufikia hadi kwenye mkeka.

Kwa uzoefu wa siku za mwanzo hutaona tofauti. Goti litauma vilevile. Tofauti huja mwalimu anapokuambia maana ya ulichokiona, kwa hiyo jua mapema mwalimu wako anaamini nini.

Zeni naipitia haraka kwa kuwa bila mwalimu na kikundi ni vigumu kuifanya vizuri. Katika Soto, tawi la Zeni lililo njia ya Dogen (1200–1253), unakaa ukiutazama ukuta, macho wazi nusu, bila mantra na bila lengo. Watu wanaopenda kupimiwa maendeleo huikimbia.

Vifurushi viwili vinavyouzwa sana

Wengi watakaosoma hapa hawatakwenda Himalaya. Watakutana na mojawapo ya vitu viwili: Transcendental Meditation, yaani TM, au kozi ya siku 10 ya Vipassana ya S. N. Goenka. Moja ina mizizi ya Kihindu, nyingine ya Kibudha, na hapa ulinganisho una maana ya mfukoni.

TM ilienezwa kuanzia miaka ya 1950 na Maharishi Mahesh Yogi, ikapata umaarufu The Beatles walipokwenda kwake Rishikesh mwaka 1968. Unakaa kwenye kiti, unafumba macho, unarudia mantra moyoni bila kujikaza, dakika 20 asubuhi na 20 jioni. Mantra unapewa peke yako na unaambiwa usimtajie mtu. Kozi inalipiwa, na ada hutofautiana nchi kwa nchi. Sifa yake kubwa ni wepesi: mtu mwenye watoto na kazi ya kuajiriwa anaiweza.

Goenka (1924–2013) alizaliwa Mandalay, Burma, katika familia ya Kihindu ya wafanyabiashara. Kipandauso kilimsumbua hadi akaenda, mwaka 1955, kwa U Ba Khin, Mbudha aliyekuwa mhasibu mkuu wa serikali ya Burma. Alisitasita kwa kuogopa kwamba angetolewa katika dini yake. Mwaka 1969 alianza kufundisha India. Kozi yake iko sawa duniani kote: kengele saa kumi alfajiri, karibu saa kumi za kukaa kila siku, hakuna kuzungumza, hakuna simu, hakuna kusoma wala kuandika, wanaume na wanawake wakitengwa. Siku tatu za kwanza unatazama pumzi chini ya pua tu. Baada ya hapo unapitisha uangalifu mwilini kote, kichwani hadi vidoleni, bila kutamani hisia tamu wala kuikimbia chungu. Hulipishwi. Anayemaliza ndiye anayeruhusiwa kuchangia, kwa ajili ya watakaokuja.

Na mantra? Goenka aliikataza kabisa ndani ya kozi. Mala, uvumba, sala, picha ya mungu, neno lolote la kuambatana na pumzi: vyote viwekwe kando. Alikubali kwamba neno hutuliza akili upesi. Tatizo lake lilikuwa kwamba utulivu huo hufunika hisia halisi ambazo mwanafunzi amekuja kuzitazama. Mfuasi wa TM angemjibu kwamba utulivu huo ndio aliokuja kuutafuta.

Siku 10 za Vipassana ni nzito, na wanaoisifu huwa hawasemi hivyo vya kutosha. Mwenye historia ya ugonjwa wa akili, au aliyetoka kupata msiba mkubwa, asiifanye ndiyo mlango wake wa kwanza. Fomu ya maombi yenyewe inauliza habari hizo. Zijaze kwa ukweli. Kwa mtu wa namna hiyo dakika 15 za pumzi nyumbani zinatosha kuanzia, na daktari wake ajue.

Kwa Mwislamu na Mkristo

Wasomaji wengi wa Kiswahili ni hao, kwa hiyo swali hili sitalizunguka. Om Namah Shivaya ni kumsujudia Shiva. Hare Krishna ni kumwita Krishna. Gayatri ni sala kwa Savitri. Anayekuambia kwamba hizo ni "mitetemo ya sauti tu" anakuficha kitu, na anawavunjia heshima Wahindu wanaozitamka kama ibada. TM hujitambulisha kama mbinu isiyo ya dini, lakini tendo la kukabidhiwa mantra huambatana na puja, mwalimu akitoa matunda na maua mbele ya picha ya mwalimu wa Maharishi. Kesi ya Malnak huko New Jersey ilihusu jambo hilohilo: mwaka 1977 mahakama ya shirikisho ilikataza somo la TM katika shule za serikali kwa kuwa lina sura ya dini, na mahakama ya rufaa ikakubali mwaka 1979.

Kutazama pumzi hakumwiti yeyote. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, anapanasati na mbinu ya Mahasi ndizo zisizomgonganisha sana mtu wa dini nyingine, ingawa falsafa iliyo nyuma yake bado ni ya Kibudha na hotuba za jioni za Goenka hazifichi hilo. Mwenye tasbihi yake au rozari yake ana njia ya kurudia jina tayari. Sioni sababu ya kwenda kuazima nyingine kwa kuwa tu ni ngeni.

Pa kuanzia

Ukitaka Mungu wa kumpenda na kumwita kwa jina, nenda upande wa bhakti, na uende mzimamzima: hekaluni, kwenye nyimbo, kwenye chakula. Ukitaka kuichunguza akili yako bila kuombwa uamini lolote siku ya kwanza, nenda kwenye pumzi. Mwenye akili inayokimbia mno ajaribu "Buddho", au kuhesabu pumzi moja hadi kumi, kabla hajaamua kwamba taamuli haimfai. Ukimtaka mwalimu anayekujua kwa jina na kukurekebisha, vikundi vikubwa vya kanda za video, kama kozi za Goenka, havitakupa hilo; Wahindu wana guru, Watibeti wana lama, na Zeni haiendi bila mtu wa namna hiyo.

Afrika Mashariki mahali si tatizo kama watu wanavyodhani. Upanga, Dar es Salaam, kuna hekalu la Kibudha lililoasisiwa na Wasinhala kutoka Ceylon (leo Sri Lanka) mwanzoni mwa karne ya 20. Karibu na Entebbe kuna Uganda Buddhist Centre, kilichoanzishwa mwaka 2005 na Bhante Buddharakkhita, mtawa Mganda wa Theravada ambaye Ubudha aliukutia masomoni India. Mahekalu ya Kihindu yako karibu kila mji mkubwa, ingawa mengi ni ya jumuiya za Wagujarati na visomo ni kwa Kigujarati au Kisanskriti, kwa hiyo uliza kwanza nani atakueleza.

Kuchanganya? Shika moja miezi kadhaa ndipo uonje nyingine. Japa asubuhi na vipassana jioni ni kuifundisha akili kushika na kuachia kwa wakati mmoja, na mwalimu yeyote wa maana, wa upande wowote, atakuuliza ni ipi kati ya hizo unayotaka akusaidie.